Kupunguza mshindo wa ndege bila kupunguza mwendo

Shuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini. Ukifika mlangoni, kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayokandamiza, masikioni mwako imeongezeka kwa paskali 100 hivi, na hukuhisi chochote. Concorde, ile ndege ya abiria ya zamani, ikipita kilomita 18 juu yako kwa mwendo mara mbili ya sauti ilikuletea karibu kiasi hichohicho, ila madirisha yalitetemeka na mtoto aliyelala akaamka analia. Wewe ulitumia nusu dakika kushuka. Concorde iliipandisha kanieneo kwa milisekunde chache tu. Kazi yangu ni akustika, elimu ya sauti, na hapo ndipo ninapoanzia kila nikiulizwa habari za ndege zinazoishinda sauti kwa mwendo: kinacholishtua sikio ni haraka ya kupanda kwa kanieneo kuliko ukubwa wake.

Ndege ikienda taratibu, hewa iliyo mbele yake hupata taarifa mapema ikapisha. Mjumbe wa taarifa hiyo ni sauti yenyewe, ambayo kwenye baridi ya kilomita 11 juu husafiri kama kilomita 1,060 kwa saa. Ndege ikimpita mjumbe, hewa hukutwa haijajiandaa, hubanwa kwa ghafla, na hapo huzaliwa wimbi la mshtuko. Ncha ya mjeledi hufanya vivyo hivyo unapolia. Kwenye ndege, pua hutoa wimbi lake, kioo cha rubani lake, bawa, mdomo wa injini na mkia vilevile. Yakiwa njiani kuja chini mawimbi hayo hukamatana na kuungana, mpaka yanayofika ardhini ni mawili tu, moja mbele na moja nyuma. Ndiyo maana husikika “pu-pu!”

Wengi hudhani mshindo hutokea mara moja tu, ndege inapovuka kasi ya sauti. Sivyo. Ndege huuburuta safari nzima, kama boti inavyoburuta mawimbi nyuma yake, na kila kijiji kilicho chini ya njia hupigwa kwa zamu yake. Rubani mwenyewe hausikii.

Mwaka 1964 Wamarekani waliamua kuwauliza wanaopigwa. Kwa miezi sita ndege za kijeshi zilipitishwa juu ya Oklahoma City, mishindo minane kwa siku, jumla 1,253. Katika majuma 14 ya mwanzo, vioo 147 vilivunjika kwenye majengo mawili marefu kuliko yote mjini. Mwishoni, karibu watu 27 katika kila 100 walisema hawawezi kuizoea. Maana yake karibu robo tatu waliona wangeweza, jambo ambalo bado linanishangaza, lakini robo ya mji ni watu wengi mno wa kugombana nao kila siku. Mwaka 1973 Marekani ikapiga marufuku ndege za kiraia kuzidi kasi ya sauti juu ya nchi kavu. Concorde, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, ikabaki kukimbilia baharini. Sheria ilikataza mwendo kwa sababu wakati huo mwendo na kelele vilikuwa kitu kimoja.

Wa kuvitenganisha walikuwa watafiti Seebass na George wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Hesabu zao zilionyesha kwamba umbo la ndege likipangwa vizuri, mawimbi yake hayataungana kabla ya kufika chini. Mwaka 2003 ndege ya kivita F-5E ilivimbishwa pua, ikapimwa angani, na wimbi likafika chini limelainika kama hesabu zilivyosema.

Sasa iko ndege ya majaribio X-59 ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoundwa na kampuni ya Lockheed Martin na kuruka mara ya kwanza Oktoba 2025. Ina urefu wa mita 30, na pua peke yake ni karibu theluthi ya urefu huo. Injini imewekwa mgongoni ili mawimbi yake yaelekee juu. Rubani hana kioo cha mbele kabisa. Anatazama kamera kwenye skrini. Ni ndege ya ajabu kuitazama, lakini kila kituko chake kina sababu. Lengo ni kwamba ikienda Mach 1.4, yaani mara 1.4 ya kasi ya sauti, watu wa chini wasikie desibeli 75, wakati Concorde ilikuwa 105. Kila desibeli 10 zikipungua, sikio huona kelele imepungua nusu. Kutoka 105 hadi 75 ni nusu mara tatu, yaani inabaki moja ya nane.

Juni 2025 Rais wa Marekani aliagiza marufuku ya 1973 iondolewe na kiwango cha kelele kiwekwe mahali pake. Kupima kelele badala ya mwendo ni sahihi, ingawa mimi ningesubiri kwanza majibu ya watu ambao X-59 itapita juu ya miji yao.

Kuna mambo mawili yanayonikosesha usingizi. Kwanza, X-59 hubeba mtu mmoja. Ukiongeza abiria unaongeza uzito, na uzito wote huo lazima ubebwe na hewa, hivyo wimbi hukua. Pili, kulainisha wimbi huondoa zile sauti kali, lakini mtikisiko wa sauti nzito kabisa, usiosikika vizuri kwa sikio, hubaki. Huo hupenya kuta. Aliye uani anaweza asigeuze hata shingo, huku aliye jikoni akisikia vikombe vinagongana kabatini.