Slivu iliyoganda haitoki kwa nyundo

Masika yakikaribia, matrekta ya mabonde ya mpunga kama Cheju, hapa Unguja, hufunguliwa injini, na slivu, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ikigoma kutoka, neno ni lile lile: "Tia nyundo, itatoka." Nimeshaona bloki, yaani mwili wa injini unaoshika slivu, zikiuawa kwa neno hilo. Slivu ni chuma cha kusubu, hakipindi, huvunjika. Ukiigonga upande mmoja inalala kidogo, na ikilala inazidi kujikaza. Bloki ikipata ufa, ya trekta la zamani haiji na boti ya kesho.

Wengine hudhani slivu zote ni moja. Injini ya Perkins ya silinda tatu katika Massey Ferguson 135 ina slivu kavu: imebanwa ndani ya bloki, haigusani na maji. Nyengine ni za maji, zimezungukwa na maji ya kupozea, na kwa kawaida chini huzibwa kwa ringi za mpira.

Hizi za maji ndizo zinazoteswa na dhana kwamba maji ya kisima hayana neno. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe. Tazama birika la chai lilivyoshika ukoko mweupe. Ukoko huo, pamoja na kutu, huganda pale chini slivu inapoingia kwenye bloki. Dizeli ukiimwaga ndani ya silinda haifiki hapo. Toa maji yote, kisha mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye matundu ya maji juu ya bloki, yateremke yenyewe mpaka kwenye ukoko.

Halafu vuta, usiigonge slivu. Chonga sahani ya chuma ishike ukingo wa chini wa slivu lakini ipite kwenye tundu la bloki. Pitisha boliti ndefu katikati, na juu weka chuma kinene kilichoegemea bloki, si slivu ya jirani. Kaza mpaka spana igome, gonga kichwa cha boliti taratibu, uache hivyo usiku kucha. Asubuhi ongeza robo mzunguko. Utasikia mlio mmoja mkavu, na ukingo wa juu umeinuka unene wa ukucha.

Kuichemsha bloki kwa gesi upande mmoja ni kuipasua. Moto unaofaa, kwa slivu kavu, ni mstari wa weldi ndani yake, juu hadi chini: ukipoa hujikunja, na slivu husinyaa nayo. Kabla ya kuweldi, krankishafti, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, itoe kwanza, na dizeli ifutwe yote.

Slivu mpya ya maji ijaribu bila mpira, iingie kwa mkono. Ikikataa, ukoko bado upo, rudi ukasugue.