Hela ya korosho na prosesa zinazokuja

Malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, swali linalobisha hodi dukani kwangu hapa Mtwara mjini huwa lilelile: "Fundi, ninunue sasa au nisubiri prosesa mpya?" Anauliza mwenye steshenari, anauliza karani wa chama cha msingi, anauliza kijana wa studio anayehariri video za harusi. Hawajakosea kuuliza. Msimu wa korosho unafunguliwa Oktoba, na AMD na Intel, kampuni zinazotengeneza prosesa (ubongo wa kompyuta), nao mara nyingi hutoa matoleo yao makubwa ya kompyuta za mezani kati ya Agosti na Novemba.

Safari hii nawajibu hivi: bei ya prosesa yenyewe inatabirika. Kinachotaka akili ni RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, na soketi, lile tundu la kwenye mothabodi (bodi kuu) linaloshika prosesa.

Tuanze na bei. Chukua daraja la kati la AMD, prosesa ya viini 6 (kila kiini ni sehemu inayofanya kazi yake yenyewe), ambayo ndiyo ninayofunga mara nyingi zaidi. Ryzen 5 5600X ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299. Ryzen 5 7600X ikatoka Septemba 2022 kwa dola 299. Ryzen 5 9600X, Agosti 2024, dola 279. Vizazi vitatu, bei imesimama palepale. Kwa hiyo mtu akinitisha kwamba toleo lijalo la daraja hilo litafika dola 400, simwamini mpaka nione. Pia kila mara hufuata mdogo wake. Miezi minne tu baada ya 7600X, Januari 2023, ilikuja 7600 isiyo na herufi X kwa dola 229, na feni yake ndani ya boksi. Kwa kazi za ofisi na picha, tofauti ya hizo mbili huioni kwa macho. Anayenunua siku ya uzinduzi analipia haraka yake.

Kinachosogeza bei ni mpinzani. Mwaka 2017 Intel walikuwa wanauza prosesa ya viini 8 kwa zaidi ya dola 1,000. AMD wakaingia na Ryzen 7 1800X, viini 8 vilevile, kwa dola 499, na mwaka haukuisha kabla Intel hawajaongeza viini kwenye prosesa zao za kawaida. Ila AMD walipotangulia, nao walipandisha: 3600X ya 2019 ilikuwa dola 249, mrithi wake 5600X akaja na dola 50 juu. Sasa Intel wameahidi Nova Lake, kizazi chao kijacho, mwishoni mwa 2026, na AMD wanaandaa Zen 6, kizazi kijacho cha Ryzen. Wakigongana msimu mmoja, natarajia bei za uzinduzi zibaki pale zilipo, na matoleo ya sasa yashuke. Hayo yanayoshuka ndiyo yanayotufikia huku Kusini, yakipitia Kariakoo.

Upande wa muundo, naomba wasomaji wa Newala na Tandahimba wanielewe kwa lugha ya korosho. Prosesa huchongwa kwenye sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Kipande cha viini 8 cha Zen 5, kizazi cha ile 9600X, kina ukubwa wa takriban milimita za mraba 70, kwa hiyo sahani moja inatoa karibu vipande 900. Ungetengeneza chipu moja kubwa ya milimita za mraba 250, ungepata kama 240. Sasa fikiria sahani ina dosari 60 zilizotawanyika. Kwenye vipande vidogo umeharibu 60 kati ya 900. Kwenye chipu kubwa umepoteza robo ya mzigo mzima. Ndiyo sababu AMD, tangu 2019, wanaunga prosesa kwa vipande, na Intel nao wamefuata njia hiyo kwenye kompyuta za mezani kwa Core Ultra za 2024.

Kisha kinakuja kupanga madaraja. Akina mama wanaobangua korosho wanajua: nzima kubwa inakwenda W180, ndogo kidogo W320, iliyopasuka inakwenda na vipande vyenzake, na zote zimetoka mti mmoja. Kipande chenye viini 8 vizima kinakuwa Ryzen 7. Chenye kiini kibovu kinazimwa viini viwili, kinauzwa kama Ryzen 5. Mteja hajapunjwa, viini 6 vilivyobaki ni vizima kabisa.

Zen 6 itatengenezwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwa teknolojia mpya ya uchongaji inayoitwa nanomita 2. Sahani za teknolojia mpya ni ghali kuliko za zamani, ndiyo maana sitarajii bei za uzinduzi kushuka chini ya zilipo leo, hata ushindani ukiwa mkali.

Msihesabu viini tu. Core Ultra 9 285K ina viini 24, lakini vikubwa ni 8, vilivyobaki 16 ni vidogo vya kuokoa umeme.

Soketi ndiyo penye fedha yako. AM4, soketi ya AMD, ilianza 2016 na mwaka 2025 bado ilikuwa inapata prosesa mpya. Mwenye steshenari mmoja wa Chikongola alinunua mothabodi ya AM4 na Ryzen 5 1600. Mwaka jana nilisasisha BIOS (programu ya kuiwashia mothabodi), nikaichomoa ile prosesa, nikachukua 5600, nikanyoosha mguu wake mmoja uliopinda kwa ncha ya wembe huku nimeshika pumzi, nikaiweka. Mashine ileile, kasi nyingine. Kwa AM5, mrithi wake, AMD wameahidi kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi.

RAM sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda vibaya kwa sababu vituo vya akili unde vinanyonya mzigo wote. Desemba mwaka huo Micron, watengenezaji wa RAM, walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida. AM5 inakubali DDR5, aina mpya ya RAM, peke yake. Mtu akisubiri prosesa ishuke dola 40 huku RAM inapanda mara mbili ya hapo, amepoteza.

Na umeme. Core i9-14900K ya Intel ikilemewa hufika wati 253. UPS ndogo tunazotumia hapa haziwezi kuihimili, na joto letu mnalijua. Nafunga za wati 65. Mashine moja kutoka Shangani, karibu na bahari, niliifungua nikakuta kutu ya kijani kwenye viunganishi na feni imeganda kwa chumvi na vumbi. Joto la ziada ndani ya boksi kama lile ni kuita fundi kila mwezi.

Yule kijana wa studio nilimwambia, "Mdogo wangu, usisubiri." Akachukua mothabodi ya AM5, Ryzen 5 7600, na RAM moja ya GB 16. Nafasi ya pili ya RAM tumeiacha wazi mpaka bei itulie, na natarajia soketi itaipokea Zen 6 siku atakayokuwa na hela yake.