Mwanga wa angani usiojulikana: maana ya kuchunguza tukio la zamani

Watu wakizungumzia taa zilizowahi kuonekana angani, huchanganya maneno mawili: "haijaelezwa" na "haielezeki". La kwanza linasema kazi bado inaendelea. La pili linadai kazi hiyo haiwezekani hata kidogo. Karibu kila ripoti ya zamani niliyoisoma ilistahili neno la kwanza, na uchunguzi wa tukio la namna hii ndiyo kazi ambayo neno hilo linaiacha wazi.

Mwanga wenyewe ulishazimika. Hakuna wa kuurudisha ili upimwe. Kilichobaki mkononi mwa mchunguzi ni maneno ya walioona: barua, habari ya gazetini, daftari la nahodha, mchoro, fomu iliyojazwa miaka baadaye. Hata hivyo ana kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni anga ya usiku ule. Sayari na nyota hufuata njia zinazohesabika, kwa hiyo leo tunaweza kujua Zuhura ilikuwa upande gani na juu kiasi gani jioni yoyote ya karne zilizopita. Basi huweka maneno ya shahidi huku na anga ile kule, akatazama yanapokutana na yanapoachana.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Jimmy Carter. Mwaka 1973, akiwa gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alijaza fomu kueleza mwanga aliouona katika mji mdogo wa Leary. Alikuwa amesimama nje na wanaume wapatao kumi, wakisubiri mkutano wa Lions Club, klabu ya huduma za kijamii, uanze. Mwanga ulikuwa magharibi, kama nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, ukibadilika rangi, ukisogea karibu na kurudi mbali, kwa dakika 10 hadi 12. Tarehe aliyoiandika ni Oktoba 1969.

Miaka michache baadaye Robert Sheaffer, mchunguzi wa ripoti za vitu visivyojulikana angani, aliifuatilia kesi hiyo. Alikwenda kwanza kwenye kumbukumbu za Lions Club, na humo ikaonekana kwamba Carter alifika kuzungumza na wanachama wa Leary tarehe 6 Januari 1969. Kumbukumbu ya gavana ilikuwa imepishana na ukweli kwa miezi tisa.

Miezi hiyo tisa ina uzito mkubwa. Oktoba 1969 Zuhura ilikuwa ikionekana alfajiri, hivyo isingeweza kuwa mwanga wa jioni. Lakini jioni ya tarehe 6 Januari, saa moja na robo, ilikuwa iking'aa upande wa magharibi, kwenye kimo kinachokaribiana na kile alichokitaja Carter. Tarehe ya kwenye fomu ingeachwa bila kuhakikiwa, mtu angepekua anga ya usiku usiohusika, asikute kitu, kisha aandike "haielezeki" kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana mimi huona tarehe kuwa ushahidi wa kwanza, hata kabla ya mwanga wenyewe. Katika maandishi ya kale zaidi, kalenda nayo inaweza kukupoteza. Uingereza ilibadilisha kalenda mwaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Barua ya London na barua ya Paris za mwaka 1720 zinaweza kueleza usiku uleule huku tarehe zake zikitofautiana kwa siku 11. Tarehe pia huwaondoa baadhi ya washukiwa: kabla ya Oktoba 1957 hakukuwa na setilaiti, na kabla ya 1783 hakuna puto lililobeba watu.

Baada ya tarehe huja macho ya shahidi, na hapa inabidi kumheshimu mtu bila kuchukua kila neno lake kama kipimo. Anayesema mwanga ulikuwa "mkubwa kama sahani" hajatuambia kitu, kwa kuwa sahani iliyo mkononi na sahani iliyo ng'ambo ya barabara hazilingani machoni. Akisema ulikuwa nusu ya upana wa mwezi, hapo tuna cha kushika. Kimo pia hupimika kwa njia nyepesi: ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10 za anga. Kuhusu mwendo, nukta moja ya mwanga iliyotulia gizani, ukiikodolea macho kwa muda, huanza kuonekana kama inatembea. Asemaye nyota ilicheza huenda anasimulia kwa uaminifu kile macho yake yalichomwonyesha.

Tarehe 3 Machi 1968 lilitokea jambo lililowafundisha sana wachunguzi. Mabaki yaliyohusishwa na chombo cha Kisovieti, Zond 4, yaliungua yakirejea katika angahewa, na watu katika majimbo mengi ya Marekani wakayaona. Wengi walieleza walichokiona, yaani msururu wa vipande vinavyowaka vikipita pamoja. Lakini wapo waliosimulia chombo kimoja kirefu chenye madirisha yanayotoa mwanga. Akili ilikuwa imechukua taa zilizotengana ikajaza giza lililokuwa kati yake. Hawakudanganya. Kwa hiyo neno "madirisha" likionekana katika ripoti ya zamani, mimi husoma "taa zilizopangana", halafu naendelea.

Muda wa tukio husaidia kuliko rangi. Kimondo cha kawaida hupita kwa sekunde chache, mabaki ya setilaiti yanayoungua huchukua dakika moja au zaidi, na sayari hukaa angani kwa saa kadhaa. Ilipofika usiku wa tarehe 9 Februari 1913 na watu wa Kanada wakaona makundi ya taa yakipita taratibu, moja baada ya jingine, kwa dakika kadhaa, kipimo hicho kiligoma. Mwanaastronomia Clarence Chant wa Toronto alikusanya ripoti kutoka sehemu nyingi, akalinganisha upande na saa, akachora njia yake. Ulikuwa msafara wa vimondo, jambo adimu mno, uliofuata mkunjo wa dunia kutoka Kanada hadi juu ya bahari ya Atlantiki. Watu kumi waliosimama pamoja ni kama dirisha moja. Watu wawili walio umbali wa kilomita mia wanatupa pembe mbili, na pembe mbili zinatosha kukadiria urefu kutoka ardhini.

Zipo kesi zisizofika popote. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliofungwa mwaka 1969, ulikusanya ripoti 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila kutambuliwa. Maana ya hapo ni hiyohiyo, haijatambuliwa. Haisemi mwanga ulitoka wapi.

Turudi Leary. Carter, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, hakukubali kwamba alichokiona ni Zuhura. Miongo kadhaa baadaye kumbukumbu za urushaji wa roketi zilipopekuliwa, ilibainika kwamba jioni ileile ya tarehe 6 Januari 1969 roketi ilirushwa kutoka kituo cha Eglin, Florida, ikaachia wingu la bariamu, yaani mvuke wa metali, juu sana angani. Majaribio hayo hufanywa baada ya jua kuzama makusudi: ardhini tayari ni giza, lakini kule juu wingu bado linapigwa na jua, nalo hung'aa, hutanuka na kubadilika rangi. Hilo linaeleza mambo ambayo Zuhura inayaeleza kwa shida.

Zuhura au bariamu, mjadala haujafungwa. Carter mwenyewe hakuwahi kudai ameona chombo kutoka sayari nyingine. Alisema ameona kitu asichokitambua, akaandika upande, kimo, saa na muda. Tarehe ndiyo aliyoikosea, na tarehe ikapatikana kwenye kumbukumbu za mikutano ya klabu.