Mathias de Sousa, chotara aliyekaa kwenye bunge la Maryland mwaka 1642

Wengi wanaokuja kutuuliza habari za Marekani ya kikoloni wanakuja na picha moja kichwani, mtu mweusi kashushwa melini na minyororo basi, hadithi imeishia hapo. Picha hiyo ni kweli kabisa kwa watu wengi mno, lakini mimi huwa nawaanzia na Mathias de Sousa, maana kwake unaona kuna kipindi mlango ulikuwa haujafungwa, halafu watu wakakaa kikao wakaufunga kwa sheria.

Meli ya Ark ilitoka Uingereza Novemba 1633 ikafika Maryland, koloni ya Waingereza Amerika Kaskazini, Machi 1634, ndani walikuwemo mapadre Wajesuiti, yaani wa shirika moja la Kanisa Katoliki, na watumishi wao, Mathias akiwa mmoja wao. Hakuwa mtumwa. Alikuwa mtumishi wa mkataba, yaani unalipiwa nauli halafu unaifanyia kazi miaka kadhaa mpaka iishe. Sasa tazama jina lake lilivyoingia kwenye vitabu vya koloni: siku zile ukileta mtu unadai ardhi kwa kichwa chake, kwa hiyo mapadre wakaorodhesha watu wao ili wapate ardhi, na kwenye jina la Mathias likaongezwa neno moja tu, "molato", yaani chotara. Kaneno kamoja, tena kameandikwa kwa ajili ya mashamba ya wengine, ndo kamebeba asili yake ya Kiafrika mpaka leo.

Mkataba ukaisha akawa mtu huru. Mwaka 1641 anaongoza mashua kwenda kwa Wasusquehannock, kabila la wenyeji wa huko, kubadilishana bidhaa na ngozi za manyoya, na hiyo haikuwa kazi ya kumpa mtu yeyote tu, mali ya watu iko mkononi mwako na unaenda mbali kuongea na wenyeji. Machi 1642 wanaume huru wakaitwa bungeni St. Mary's City, makao makuu ya koloni, unaweza kwenda mwenyewe au ukamtuma mwenzio akupigie kura, Mathias akaenda mwenyewe na jina lake limo kwenye orodha ya waliohudhuria. Wanahistoria wengi wanamhesabu kuwa wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kukaa kwenye bunge la koloni za Waingereza Amerika Kaskazini.

Ila hakupata raha jamani. Mwaka huohuo madeni yakamwandama, mahakama ikaamua alitumikie deni, na baada ya hapo jina lake halionekani tena kwenye nyaraka.

Miaka 22 baadaye, 1664, bunge la koloni ileile likapitisha sheria kwamba watu weusi waliopo na watakaoletwa ni watumwa maisha yao yote, na watoto wao wafuate hali ya baba. Kuna kipengele hapo huwa kinanishika sana: mwanamke Mwingereza aliye huru akiolewa na mtumwa, amtumikie bwana wa mumewe mpaka mume afe. Na sheria yenyewe inakiri kwamba wanawake wa namna hiyo walikuwepo tayari, tena si mmoja.