Mita 300 Zilikuwa za Siku Ile

Wiki hii nimeletewa tena Submariner, saa ya kuzamia ya Rolex, yenye ukungu ndani ya kioo. Mwenyewe ananionyesha maandishi kwenye uso wa saa: "Fundi, si imeandikwa mita 300? Mimi nilikuwa bwawani tu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii nayajibu kwa maandishi.

Namba ile inaeleza jambo moja. Saa ilipotoka kiwandani, gasketi (mipira ya kuzuia maji) zikiwa mpya na kifundo cha kutilia ufunguo kikiwa kimekazwa, ilitiwa kwenye presha na maji hayakupita. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, kinachohusu saa za kuzamia, kinataka presha izidi ile iliyoandikwa kwa robo nzima, kwa hiyo saa ya mita 300 hupimwa kwa presha ya kina cha mita 375. Namba haisemi lolote juu ya mpira uliokaa miaka 11 ukinywa jasho, losheni na sabuni.

Sasa tuje kwenye hilo "bwawani tu", maana ndilo linaloniumiza kichwa. Watu wanaamini maji ya kina kifupi ni mtihani mwepesi, na kwamba saa iliyoumbwa kwa mita 300 haiwezi kushindwa na mita 2. Kwa gasketi iliyochoka, mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa. Ukienda chini sana, presha yenyewe inasukuma kioo na kifuniko cha nyuma vikae juu ya mpira, na nafasi zinajifunga. Karibu na uso wa maji hakuna nguvu hiyo. Mpira unabaki na ulaini wake wenyewe, na kama ulaini umekwisha, maji yanapita taratibu bila kelele. Waliotunga kiwango walilijua hili. Ndiyo maana baada ya saa kukaa kwenye presha kubwa kwa muda wa saa mbili, presha inashushwa hadi baa 0.3, sawa na mita 3 za maji, na saa inaachwa hapo kwa saa nzima. Mita 3! Hicho ndicho kina cha bwawa. Kwa hiyo ukiniambia ulikuwa bwawani tu, hujajitetea. Umenitajia mahali ambapo gasketi mbovu hukamatwa.

Kuna na ile hadithi kwamba ukizungusha mkono majini presha inaruka mara kumi. Hapana. Hata ukipeleka mkono kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, unaongeza presha ya kama mita 1 na robo za maji. Saa nyingi ninazofungua zimeingia maji kwa sababu mbili: mpira uliokufa na kifundo kilichosahaulika bila kukazwa.

Basi mtu ananiuliza, kama hata hii inaingia maji, thamani yake iko wapi? Iko hapo hapo. Mwaka 1953, Blancpain walitoa Fifty Fathoms, iliyotokana na mahitaji ya wazamiaji wa jeshi la Ufaransa wakiongozwa na Robert Maloubier na Claude Riffaud. Mwaka huo huo ikazaliwa Submariner ya Rolex, ya mita 100. Ukiziweka pembeni ya ndugu zao wa leo, utaona ukoo ni ule ule: uso mweusi, alama nene zinazong'aa gizani, pete ya nje ya kuhesabia dakika, kasha linalofungwa kwa hesi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu. Kasha la hesi linafunguka na kufungika tena. Gasketi ni kitu kidogo tu, kioo kinabadilishwa, hata kibomba ambacho kifundo hukazwa juu yake kinabadilishwa. Saa ya umri wa miaka 50 inaweza kurudi kuzuia maji mezani kwangu, na mimi kila ikitokea nafurahi kama siku ya kwanza. Vitu vichache vinavyovaliwa mkononi kila siku vimetengenezwa kwa heshima hiyo.

Wakusanyaji wa saa nao wana lao. Uso wa asili na mishale ya asili, sawa, naunga mkono. Ukibadilisha uso umeondoa sehemu kubwa ya thamani, hata kama ile tritiamu, rangi ya zamani ya kung'aa gizani, haing'ai tena. Kasha nalo usiliruhusu lisuguliwe ovyo, chuma kilichoondoka hakirudi. Lakini mtu anayenikataza kugusa gasketi "za asili" namshangaa. Mpira ni kama mafuta ya mashine: umewekwa ili uchakae badala ya kitu kingine.

Hapa nikiri jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Mashine ya kupima bila maji hutambua uvujaji kwa kuangalia jinsi kasha linavyobonyea kidogo chini ya presha. Kasha nene la saa ya kuzamia halibonyei karibu chochote, kwa hiyo presha ikiwa ndogo majibu huwa nayasoma kwa mashaka. Kupima ndani ya maji kunaonyesha zaidi, ila kwa saa ya zamani kipimo chenyewe kinaweza kuiingiza maji. Na hata ikifaulu, nimepata jibu la siku hiyo tu. Nimewahi kutoa gasketi laini yenye miaka 10, na nyingine ya miaka 4 iliyogeuka kama lami. Anayeogelea nayo namwambia aniletee kila mwaka, ingawa huo mwaka mmoja ni tahadhari yangu tu.

Ukiona ukungu, usiichome kwa mashine ya kukaushia nywele wala usiifukie kwenye mchele. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, hasa kama yalikuwa maji ya chumvi. Hii ya wiki hii ilikaa siku 9 kwenye droo kabla ya kunifikia, na skrubu mbili za mashine ya ndani ya saa zimeshashika kutu.