Kuweka kivinjari upya: kinachopotea na kinachopotezwa na pupa

Data nyingi ambazo watu huzililia baada ya kuweka kivinjari upya, yaani kukirudisha kwenye hali yake ya mwanzo, hazikufutwa na kitufe cha kuweka upya. Zilifutwa dakika kumi baadaye, mtu alipoanza kuondoa hiki na kusakinisha kile kwa sababu ya dhana alizozizoea. Hizi ndizo ninazokutana nazo mara kwa mara.

"Ukiweka kivinjari upya, kila kitu kinafutika"

Hapana, na vivinjari vyenyewe havifanani. Ukirejesha mipangilio ya Chrome kwenye hali ya mwanzo, alamisho zinabaki, historia inabaki, manenosiri uliyohifadhi yanabaki. Vinavyoondoka ni vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari), ndiyo maana tovuti zinakutaka uingie upya kwenye akaunti zako. Ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta vinarudi vilivyokuwa awali, na vichupo ulivyobandika vinabanduka. Viendelezi, yaani programu ndogo ulizoziongeza kwenye kivinjari, havifutwi, vinazimwa tu. Andika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, utavikuta vyote mahali pake, kila kimoja na swichi yake na data zake. Washa unavyovihitaji, ila kimoja kimoja, kwa sababu huenda kimojawapo ndicho kilichosababisha matatizo yaliyokufanya uweke kivinjari upya.

Firefox inafanya tofauti. Kitufe cha "Refresh Firefox" kinatengeneza wasifu mpya (folda ambamo Firefox huweka data na mipangilio yako), kinahamishia humo alamisho, historia, manenosiri, vidakuzi na maelezo ya kujaza fomu, kisha viendelezi na mandhari vinaachwa nyuma. Kwenye kivinjari unachokitazama, kweli havipo. Kwenye kompyuta vipo: wasifu wote wa zamani unawekwa kwenye eneokazi, ndani ya folda iitwayo Old Firefox Data.

Tafadhali, folda hiyo usiitupe. Wengi huiona imechomoza ghafla kwenye eneokazi, wakaidhania takataka au kirusi, wakaifuta na pipa wakalimwaga siku hiyohiyo. Humo ndimo vilimo viendelezi vyako na yote viliyokuwa vimekuandikia: vichujio, hati, madokezo, vikundi vya vichupo.

"Kiendelezi kikigoma, kitoe ukirudishe"

Huu ndio ushauri wa haraka kuliko wote, na ndio unaoharibu kuliko wote. Kuzima kiendelezi na kukiondoa ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Ukikizima, data zake zinakaa zikikusubiri. Ukikiondoa, kivinjari kinafuta na hifadhi yake, na ukikisakinisha tena unapata kiendelezi kisichokujua.

Mei 2019 jambo hili lilionekana dunia nzima. Cheti cha kidijitali ambacho Mozilla, watengenezaji wa Firefox, hukitumia kuthibitisha viendelezi kilipitwa na muda, na tarehe 4 viendelezi vya watumiaji wa Firefox vikazimika vyenyewe. Havikuwa na kosa lolote. Mozilla iliwasihi watu wasiviondoe na kuvisakinisha upya, maana kuviondoa kungefuta data zake. Kesho yake lilitoka toleo la 66.0.4 lenye marekebisho. Wengi wa waliosubiri walirudishiwa viendelezi vyao na data zake. Waliokwisha kuviondoa walirudi na viendelezi vitupu.

Kabla ya kugusa chochote, basi, jiulize data za kiendelezi chako zinakaa wapi. Bitwarden, kiendelezi cha kutunza manenosiri, kwa mfano, inayahifadhi kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) yakiwa yamefungwa kwa usimbaji. Hata ukiiondoa mara ngapi, ukiingia tena kwa akaunti yako yanarudi. Pochi ya sarafu za kidijitali kama MetaMask ni habari nyingine. Nenosiri lake linafungua pochi iliyomo kwenye kivinjari hicho tu. Ukikiondoa kiendelezi, kinachoirudisha pochi ni yale maneno 12 ya siri uliyopewa siku ya kwanza. Kama hukuyaandika popote, usikiondoe kwa ushauri wa mtu yeyote, hata awe fundi unayemwamini.

"Nimesawazisha, kwa hiyo nina nakala"

Usawazishaji kazi yake ni kuvifanya vifaa vyako vifanane. Ukifuta folda ya alamisho kwenye kompyuta ya ofisini, nyumbani nako inafutika, na hapo mfumo umetimiza wajibu wake. Nakala ya akiba ni ile ambayo makosa yako ya leo hayaifikii.

Kwa viendelezi, mara nyingi kinachosawazishwa ni orodha yake. Utaviona vimerudi, utafurahi, kisha utakuta ndani hakuna kitu. Data husafiri pale tu mtengenezaji alipoandika kiendelezi kitumie hifadhi ya kusawazisha, na hifadhi hiyo ni finyu, kilobaiti 100 hivi kwa kila kiendelezi. Orodha ndefu ya vichujio au mamia ya madokezo havitoshi humo.

Firefox ina jambo jingine ambalo wengi hulijua kwa kuchelewa. Data zilizo kwenye seva zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na nenosiri la akaunti yako. Ukilisahau na kuweka jipya, huku hukuwahi kutengeneza ufunguo wa urejeshaji, data zile zinafutwa kwenye seva kwa sababu hakuna awezaye kuzifungua. Zilizoko kwenye vifaa vyako bado zipo. Tabu ni ya yule aliyekwisha kufuta kompyuta akitegemea seva. Ufunguo huo unatengenezwa kwenye mipangilio ya akaunti kwa muda mfupi sana; utengeneze leo.

"Nakili faili za zamani ubandike kwenye wasifu mpya, basi"

Kwa baadhi ya vitu inawezekana, mradi Firefox iwe imefungwa wakati wa kunakili. Alamisho na historia zimo kwenye places.sqlite. Manenosiri yanahitaji faili mbili pamoja, logins.json na key4.db, ukichukua moja ukaiacha nyingine, umebeba kufuli bila ufunguo. Kwenye Chrome ya Windows faili ya manenosiri imefungamanishwa na akaunti ya Windows yenyewe, hivyo kuibeba kwenye flashi hadi kompyuta nyingine hakukusaidii.

Kwa data za viendelezi vya Firefox njia hii inakwama mara nyingi. Kila wasifu hukipa kiendelezi namba yake ya nasibu, na folda za data huitwa kwa namba hiyo. Kiendelezi ulichokisakinisha upya kina namba mpya, hakiitambui folda ya zamani hata ukiiweka palepale.

Iliyo rahisi ni kuufufua wasifu wa zamani wenyewe. Tengeneza kwanza nakala ya Old Firefox Data mahali pengine. Andika about:profiles kwenye upau wa anwani wa Firefox, anza kutengeneza wasifu mpya, na unapoulizwa jina chagua pia folda: elekeza kwenye folda ya wasifu iliyo ndani ya ile nakala. Ufungue wasifu huo kwenye dirisha lake. Viendelezi vyako vitakuwa humo na data zake. Sasa zitoe kwa kutumia kiendelezi chenyewe: uBlock Origin, ya kuzuia matangazo, ina sehemu ya kuhifadhi mipangilio yote kwenye faili; Tampermonkey, ya kuendeshea hati (programu fupi za kubadilisha tovuti), inatoa hati zako zote kwenye faili ya zip. Zipakie kwenye wasifu uliotengenezwa na "Refresh Firefox", na mwisho hakikisha huo ndio uliowekwa kuwa wa kawaida, kwa sababu Firefox hupenda kuchagua ule uliotengenezwa mwisho.

"Nikiwa na faili la akiba, kiendelezi chochote kitarudi"

Si kwenye Chrome ya sasa. Tangu 2024 Google imekuwa ikizima viendelezi vilivyoundwa kwa mfumo wa zamani uitwao Manifest V2, na uBlock Origin ni mojawapo. Faili lako la vichujio linaweza kuwa zima kabisa lakini kiendelezi cha kulisoma hakiwashiki tena hapo. Kwenye Firefox uBlock Origin bado inafanya kazi, na faili uliyoitoa kwenye Chrome inapakiwa humo vilevile ilivyo.