Kiwango cha vifo na idadi ya vifo

Jumamosi iliyopita, ukumbini kwetu huku Nyakato, Mwanza, kijana mmoja aliyekuja kutuelimisha kuhusu saratani ya shingo ya kizazi alibandika manila ukutani, maandishi ya kalamu nyekundu: "KIWANGO CHA VIFO TANZANIA: 6,500 KWA MWAKA." Akina mama wakaguna. Na mimi nikaguna, ila kwa sababu nyingine. Kosa hili limenichosha.

Idadi ya vifo ni waliokufa, basi. Kiwango cha vifo ni waliokufa kati ya watu kadhaa kwa muda fulani, aghalabu kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Hiyo 6,500 ni makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, nayo ni idadi. Kiwango chake, kikishasawazishwa kwa umri (yaani kikokotolewe kana kwamba kila nchi ina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee), kilikuwa karibu 43 kwa kila wanawake 100,000.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. "Idadi" tumeipata kwa Waarabu na haina makuu, kazi yake ni kuhesabu. "Kiwango" ni la kwetu, na kamusi za zamani zina kitenzi "wanga", maana yake kuhesabu. (Leo ukisema fulani anawanga, majirani watafunga madirisha.) Kwa hiyo ukiniambia kwa asili maneno haya ni ndugu, sikubishii. Ila walishahama nyumba moja zamani. Kiwango sasa ni kipimo, na kipimo lazima kiseme ni kwa kila wangapi. Kinachodondoka kila mara ni yale maneno mawili madogo, "kwa kila".

Wavuvi hawalikosei hili. Nenda mwaloni Igombe alfajiri, dagaa wakiwa wanashushwa. Mtu wa ushuru atahesabu ndoo zote za mwalo. Mwenye mtumbwi hana habari na hesabu hiyo, yeye anauliza kila mtumbwi umerudi na ndoo ngapi. Mitumbwi ikizidi, ndoo zitazidi mwaloni hata kama kila mmoja unapata pungufu kuliko mwaka juzi.

Sasa tazama watu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu 2,772,509. Ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Hilo ni ongezeko la theluthi moja. Vifo navyo vikiongezeka theluthi moja katika miaka hiyo kumi, idadi imepanda, kiwango kimekaa palepale.

Marekani, mwaka 1989 wanawake kama 42,000 walikufa kwa saratani ya matiti. Miaka ya karibuni bado ni kama 42,000. Mwenye kutazama idadi atasema vipimo na dawa za miaka yote hiyo ni kazi bure. Kumbe kiwango kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40. Wanawake wameongezeka, na wengi zaidi wanafika uzeeni, umri ambao saratani ndiyo inashika hasa. Kusawazisha kwa umri kunaondoa hila hiyo, ili nchi ya mabibi na nchi ya mabinti zilinganishwe kwa haki.

Kwetu jambo hili linakuja. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii ya shingo ya kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hao ndio kwanza wamevuka 20, na saratani hii huchukua miaka mingi kujitokeza. Idadi inaweza kuendelea kupanda kwa muda mrefu huku chanjo ikifanya kazi yake kimyakimya, na hapo atatokea mtu na manila yake kusema chanjo imeshindwa.

Watu walipotawanyika nilimfuata yule kijana. Nikamwambia, "Mwanangu, umefundisha vizuri, neno moja tu." Hakununa. Alikata "kiwango", akaandika "idadi" juu yake, nami nikamwomba aongeze mstari chini: 43 kwa kila wanawake 100,000.

Akaandika, akarudi nyuma kuutazama. "Mama, hiyo 43 ni asilimia?"

Tukavuta viti.